Anayekumbuka

Bibi mmoja wa Unguja, mwalimu mstaafu, aliletewa na mjukuu wake riwaya ya Fallen ya Mmarekani Lauren Kate, iliyotoka mwaka 2009. Kwanza aliikataa. Tangu chuoni alifunzwa kwamba malaika wameumbwa kwa nuru na hawana matamanio. Vipi basi huyu Daniel amtamani mwanafunzi? Hata hivyo aliendelea, kitabu baada ya kitabu, hadi Rapture ya mwaka 2012.

Hukumu yake haikuwa na huruma. Alimlaumu Daniel kwa ufedhuli aliomwonesha Luce siku ya kwanza shuleni, na Luce kwa wepesi wa kusamehe. Lakini jambo moja lilimshika: Luce hufa akazaliwa tena bila kukumbuka kitu, na Daniel hubaki na kumbukumbu zote peke yake.

Mumewe, aliyeishi naye miaka arubaini, sasa humwuliza kila asubuhi yeye ni nani. Naye hujitambulisha upya, huku akimmiminia chai.

“Adhabu hiyo mwandishi ameijua,” alimwambia mjukuu. “Ila malaika wake hazeeki. Huku kwetu, anayekumbuka naye huzeeka.”