Vilele Saba, Kilo Nne

Jumamosi ambayo wenzangu walivaa majoho, mimi nilivaa raba za kuazima nikapanda matatu ya 111 kwenda Ngong.

Si eti napenda milima. Nilitaka tu kuzima simu, nisione picha za watu na maua shingoni. Mtu alikuwa ametangaza kwenye grupu ya WhatsApp: tunatembea Ngong Hills, kutoka kwa mitambo ya umeme wa upepo hadi Kona Baridi, halafu nyama choma. Tulifika watu tisa, wengi hatujuani. Askari wa msitu akatangulia na bunduki yake.

Vilele ni saba. Kila ukifika juu ya kimoja unadhani umemaliza, kumbe njia inashuka na kupanda tena. Kulia, Bonde la Ufa limelala huko chini. Kushoto, Nairobi imebaki vumbi na mabati. Upepo unavuma hadi huwezi kupiga stori, na hiyo ilinifaa. Huko juu hakuna anayekuuliza umesoma hadi wapi. Wanakuuliza, "Uko na maji?" Mzee mmoja wa makamo alitupita wote, ametulia kama mtu anaenda sokoni.

Kona Baridi tulikalia meza moja ndefu, mbuzi kilo nne, ugali, kachumbari. Hapo ndipo tulirudi kuwa watu wa Nairobi. Kila mtu akaanza kutaja kazi yake: benki, bima, kaunti. Zamu yangu ikafika.

Kawaida husema, "Niko kwa mambo ya uandishi," kisha nabadilisha mada. Siku hiyo nilikuwa nimechoka hata kudanganya. Nikawaambia niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilikataa. Kwamba kwa miaka miwili nimekula kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Kuna mtu Uingereza ambaye nusu ya digrii yake niliiandika mimi, usiku, kitandani Zimmerman. Yangu sina. Na wenzangu walikuwa wanahitimu leo, saa hiyo hiyo.

Meza ikanyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa pole, na kwa mawaidha pia. Mzee akasukuma ubao upande wangu.

"Chukua mbavu, kijana, kabla zipoe." Akatafuna kidogo. "Na zako mwenyewe, unaandika lini?"

Sikuwa na jibu. Nikala.

Bili ilikuja mia saba kila mtu. Fuliza ikanisitiri. Ndani ya matatu ya kurudi niliwasha simu nikapata oda mpya: kurasa nane, mwisho Jumatatu asubuhi. Pesa yake ingelipa lile deni na ibaki ya unga. Niliiangalia kutoka Kiserian hadi Rongai, kidole kikiwa juu ya kioo.

Sikubonyeza. Kabla tufike Bomas, mtu mwingine alikuwa ameichukua.