Mwenye Nyumba Wetu ni Nani?

Familia ziliombwa zieleze zinavyoishi na mvua, nasi tumeona tueleze habari ya ukuta wetu, kwa sababu wengi mtaani wanatuuliza tulipataje miti na turubai wakati kila siku tunaambiwa stoo haina kitu.

Kwanza hili la mwenye nyumba. Shemeji yetu ni mkimbizi kama sisi, ila yeye yuko Kampala, amepanga chumba. Paa likivuja anajua mlango wa kugonga. Huko Uganda mwaka 2022 ilitoka sheria ya wenye nyumba na wapangaji, na mwenye nyumba anatakiwa nyumba yake iwe inafaa watu kukaa. Sawa, sheria ni jambo moja, kumwona fundi ni jambo lingine. Shemeji anasema ukimpigia yule mzee siku ya kodi anapokea haraka, ukimpigia siku ya kuvuja simu inaita mpaka inachoka. Lakini angalau ana mtu wa kumkasirikia. Sisi huku kambini kodi hatulipi, mkataba hatuna. Ardhi ni ya serikali ya Tanzania, turubai lina maandishi ya UNHCR, matofali tumefyatua kwa mikono yetu wenyewe. Sasa ukuta ukipasuka ni wa nani?

Tulihamishiwa hapa mwaka 2009, Lugufu ilipofungwa. Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule ndogo, matofali mabichi, juu miti na turubai, na nyasi pale zinapopatikana. Ndani tuko watu tisa: sisi wawili, watoto sita, na bibi yao mzaa baba, ambaye miguu haimbebi tena.

Watu wengi wanaangalia paa tu. Tofali bichi likiwa kavu halina taabu, linaweza kukaa miaka. Adui yake ni maji, na maji yanaanza kula ukuta kutokea chini. Turubai moja la kugawiwa ni mita 4 kwa 5. Ukilivuta lifunike nyumba ya watu tisa, halibaki hata shibiri la kuning'inia nje. Kwa hiyo maji yote ya paa yanadondoka mguuni mwa ukuta, yanachimba kidogo kidogo, kila mvua na sehemu yake. Na kwetu kuna shimo nyuma ya nyumba, lile la kuchimbia udongo wa matofali tangu zamani, halina mwenyewe. Mvua ikinyesha linajaa, ukuta unakunywa juu na chini.

Mwezi wa kumi na moja ufa ulikuwa wa kupitisha sarafu. Kabla ya Krismasi mtoto wetu wa mwisho alikuwa anapitisha mkono anawasalimia watu walioko nje, anacheka. Sisi hatukucheka, maana ukuta ulikuwa umeanza kulalia ndani, upande wa kitanda cha bibi. Tukaweka mti wa kuegemeza. Bibi tukamwomba ahamie sebuleni. Akasema alikimbia mwaka 1996, akarudi, akakimbia tena mwaka 1998, na kwamba ukuta hataukimbia. Basi, usiku mvua ikianza, mmoja wetu anaamka anakaa karibu naye na tochi, anasikiliza udongo.

Mtu atauliza, kwani ninyi hamna mikono? Mikono ipo. Lakini ukuta ule ndio uliobeba paa, huwezi kuubomoa bila miti ya kushika juu. Na miti iko porini, nje ya mpaka. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 haituruhusu kutoka kambini bila kibali, na anayekutwa anakata miti anajua yatakayompata. Akina mama wanajua hatari nyingine ya huko porini, hatuna haja ya kuiandika. Kwa hiyo miti na turubai lazima vitoke ofisini, hakuna njia nyingine.

Tukaanza kama watu wote wanavyoanza. Kiongozi wa mtaa akaandika jina letu kwenye daftari. Wiki iliyofuata tukaenda dirishani, kijana akasema majina yamefika, subirini. Wiki ya pili, subirini. Wiki ya tatu tukakuta daftari jipya, la zamani limejaa limepelekwa sijui wapi, na katika hilo jipya jina letu halimo. Hapo tuliingiwa na baridi. Wiki tatu zote hizo hatukuwa tunasubiri kitu, tulikuwa tumekaa tu.

Hatusemi haya kwa kumchukia yule kijana. Yeye pia ni mkimbizi, anakaa kwenye nyumba kama yetu, na ufunguo wa stoo si wake. Tena tunajua kwamba mwaka 2025 fedha za misaada zilipungua sana, hata chakula tumeona wenyewe kilivyopungua. Lakini "hakuna kitu" na "hujaandikwa" si neno moja. La kwanza ni shida ya wote. La pili ni lako peke yako, na utakufa nalo kimya kimya usipouliza.

Jioni ile tukaandika barua. Binti yetu mkubwa ndiye aliyeandika, ana mwandiko mzuri kutushinda. Ukurasa mmoja tu. Tuliweka tarehe, zone, kijiji na namba ya nyumba, idadi ya watu, na nani analala chini ya ukuta huo. Ufa tuliupima kwa rula ya shule: sentimita 6 pale ulipo mpana. Mimi na mwenzangu tulibishana kidogo kuhusu mwisho wa barua. Mmoja alitaka tuombe nyumba mpya, maana kweli nyumba yenyewe imezeeka. Mwingine akasema ukiomba nyumba utawekwa kwenye orodha ya nyumba, na orodha hiyo ni ndefu kama barabara ya Kasulu. Tukaomba miti kumi na turubai moja, tukaandika kwamba kazi tutafanya wenyewe na matofali tutatafuta wenyewe. Tunaona hapo ndipo palipotusaidia. Kitu kidogo mtu anaweza kukitoa leo bila kumuuliza mkubwa wake.

Nakala zilikuwa nne: ofisi inayohusika na nyumba, ofisi ya mkuu wa kambi, mwenyekiti wa zone, na moja ya kwetu. Hii ya kwetu ndiyo tuliyotaka isainiwe, "nimepokea", na tarehe. Kijana wa dirishani akasema hana ruhusa ya kusaini. Tukasema haya, tutamngoja mwenye ruhusa. Tukakaa kwenye benchi, bila kelele, bila kugombana na mtu, tumebeba na kiazi chetu cha kuchemsha. Saa saba mchana mkubwa wake akatoka, akaisoma akiwa amesimama, akasaini.

Kisha mama mmoja jirani akatuambia jambo ambalo hatukulijua: kuna orodha ya pili. Wazee, walemavu na wagonjwa wa muda mrefu wana dawati lao, na jina la bibi lilikuwa huko tangu siku nyingi kwa ajili ya miguu. Dawati hilo na ofisi ya nyumba ni mbalimbali, havisomeani madaftari. Tukapeleka nakala ya tano. Wiki hiyo hiyo alikuja dada mmoja wa dawati hilo, mvua ikiwa inanyesha, buti zimejaa tope. Aliingiza mkono kwenye ufa, akakitazama kitanda, akamwuliza bibi kama amekula. Hakuahidi kitu. Siku ya sita miti ikaja, minane si kumi, na turubai moja.

Jumamosi vijana wa mtaa wakatusaidia kushikilia paa kwa miti, tukabomoa ukuta asubuhi. Bibi alikubali kukaa kwa jirani siku nne, kwa masharti kwamba kitanda chake kisiguswe na mtoto. Matofali mazima tuliyatumia tena, mengine tulitoa kwenye akiba ya kiangazi tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya jiko, maana mvua hii huwezi kukausha tofali. Safari hii paa tumelitoa nje nusu mita kwa vipande vya turubai la zamani, na mguuni tumejenga kibaraza cha udongo uliopigwa sana, maji yadondokee mbali. Mfereji tumeuchimba. Lile shimo la nyuma tumelijaza nusu. Nusu nyingine iko upande wa majirani wawili na bado tunazungumza nao, taratibu.

Bibi amerudi chumbani kwake. Analalamika ukuta unanuka udongo mbichi.

Jirani aliyetuambia habari ya orodha ya pili ni mjane, na ukuta wake wa jikoni umepasuka kuliko ulivyokuwa wetu. Alikuwa hajaandika popote. Barua yake binti yetu ameiandika, yeye ameweka kidole gumba, na nakala yake imesainiwa. Ameomba miti sita. Mpaka tunaandika haya hajapata. Jumatatu tunaenda naye dirishani, na benchi tunalijua.