Moteri inachechemea: tafuta silinda kabla ya kununua kitu

Leo siongelei siasa wala bei ya unga wa bukari. Naongelea motokari. Tangu vita ilipoingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, kuna akina baba waliofika hapa Lubumbashi na familia zao bila kitu kingine mkononi zaidi ya permi ya kuendesha. Mmoja wao ni jirani yangu hapa Katuba. Katika paseli watu wanamwita Papa wa Bukavu. Anaendesha taksi, Corolla ya zamani yenye usukani upande wa kuume, kama nyingi zinazotufikia kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam na Kasumbalesa. Motokari si yake. Kila jioni anapeleka versema kwa mwenyewe, na kinachobaki ndicho kinalisha watoto.

Siku moja alikuja na karatasi. Fundi mmoja alikuwa amemwandikia: bobini nne, buji nne, pompi ya esansi. Jumla yake ilizidi kodi ya nyumba ya miezi miwili. Moteri ilikuwa inatetemeka ikisimama kwenye msongamano, haina nguvu ya kuondoka, na inakunywa esansi kuliko kawaida. Mwenye motokari alikuwa amemwambia aitengeneze wiki ile au arudishe ufunguo.

"Kaka, nifanye nini?" akauliza.

Nilimwomba tusinunue chochote kwanza.

Moteri ile ina silinda nne. Kila silinda ina buji yake (waliozoea mafundi wa Tanzania wanaiita plagi), na juu ya kila buji kuna bobini yake, inayochukua umeme wa bateri, volti 12 tu, na kuupandisha hadi maelfu ya volti ili cheche iruke. Silinda moja isipowaka, tatu zinabeba mzigo wa ya nne. Inachechemea kama mtu mwenye mwiba mguuni. Kwa hiyo kwanza unatafuta mwiba uko mguu gani.

Kule Bukavu, kwenye mipando ya Kadutu, motokari ya namna hiyo inakuaibisha siku ya kwanza. Hapa kwetu ardhi ni tambarare, na mtu anaweza kutembea nayo miezi akisema "bado inaenda". Wakati huo esansi isiyowaka inaosha mafuta kwenye ukuta wa silinda, na nyingine inatoka mbichi kwenda kuunguza katalizeri kwenye bomba la moshi. Taa ya moteri kwenye tablo ikianza kuwaka na kuzimika haraka haraka, simama pembeni.

Asubuhi, moteri ikiwa baridi, tuliiwasha ndani ya paseli. Nilimtuma Papa wa Bukavu nyuma asikilize bomba la moshi. Mlio ulikuwa unaruka kwa mpangilio, kama mpigangoma anayeacha pigo moja kila mzunguko. Hiyo ni dalili nzuri. Mruko wa mpangilio mara nyingi ni silinda moja iliyolala. Ukiruka ovyo bila mpangilio, anza kufikiria esansi chafu au mpira wa hewa uliopasuka.

Kisha tukafungua kapo. Moteri ikiwa inawaka, unachomoa fishi ya bobini moja, ile ya plastiki yenye nyaya nyembamba, unasikiliza, unairudisha, unaenda kwa nyingine. Fishi tu! Usivute bobini yenyewe moteri ikiwa inawaka, umeme wake unamtupa mtu. Mikono ikae mbali na mkanda, na mwenye kikwembe kinachoning'inia asisogee.

Tulipochomoa fishi ya kwanza, moteri ilizidi kutetemeka, maana yake silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ya pili vilevile. Ya tatu, hakuna kilichobadilika. Ya nne, ikatetemeka tena. Aliyelala ni wa tatu, ukihesabu kutoka upande wa mkanda.

Tulizima, tukaacha ipoe. Bobini ya 3 tukaiweka mahali pa 2, ya 2 tukaiweka mahali pa 3. Kila moja inashikwa na bulo moja tu la ufunguo wa 10. Tukawasha, tukarudia ile kazi ya fishi. Sasa silinda ya pili ndiyo ililala na ya tatu imeamka. Ugonjwa ulikuwa umefuata bobini. Hatukuwa tumetoa hata franka moja, na kwenye ile karatasi kilikuwa kimebaki kitu kimoja.

Lakini nilipoitazama ile bobini, mpira wake wa chini ulikuwa umelowa mafuta na kuvimba. Tukachungulia shimo la buji ya tatu kwa taa ya simu: mafuta meusi yamesimama ndani. Yanatoka juu. Jointi ya mpira ya kifuniko cha moteri inakuwa ngumu kwa joto la miaka mingi, mafuta yanateremka polepole, mpira wa bobini unaharibika, na cheche inarukia chuma cha pembeni badala ya kufika chini kwenye buji. Ukiweka bobini mpya ndani ya mafuta yale, nayo itaenda njia ileile. Na jointi hiyo haikuwa kwenye karatasi kabisa. Hilo lilinikasirisha kuliko jumla ya pesa.

Tulienda Kenya. (Kwa wageni: Kenya hapa ni komine, si nchi. Mama wa watoto alishtuka kusikia tunaenda Kenya na tutarudi kabla ya chakula.) Mimi napenda bobini ya mitumba iliyo ya asili kuliko ile mpya ya kuigiza yenye boksi zuri. Ila tulipatana na muuzaji: tunaifunga palepale, tunawasha, halafu pesa inatoka. Muuzaji anayekataa jaribio hilo, mwache. Jointi tulinunua mpya. Jointi iliyokwisha kubanwa kwenye moteri nyingine haizibi tena.

Kurudi nyumbani, moteri ilipopoa, tulikausha shimo kwa kitambaa na kupuliza vumbi kwa pompi ya baiskeli kabla ya kufungua buji, maana kilichoko kwenye shimo kitaanguka ndani ya silinda. Buji tatu zilikuwa za rangi ya kahawia, kavu. Ya tatu ilikuwa nyeusi na inanuka esansi. Tuliisafisha tukairudisha, akipata pesa atabadilisha zote nne pamoja. Buji unaianza kwa vidole, bila ufunguo, hadi igome. Kichwa cha moteri ni aluminiamu, na uzi wake ukiharibika ndipo utajua maana ya gharama. Bulo za kifuniko nazo zikazwe kidogo kidogo, kuanzia katikati, na paka gundi ya moteri kidogo kwenye zile kona mbili ambapo kifuniko cha mnyororo kinakutana na kichwa.

Ingekuwa ugonjwa haukufuata bobini, tungebadilisha buji kwa namna ileile. Kama nayo si yenyewe, inabaki enjekta au nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, na hapo ningemwambia aende garaji yenye vipimo, kwa sababu vitu hivyo havionekani kwa taa ya simu.

Jioni ile alipeleka versema pungufu. Mwenye motokari aliinama, akasikiliza moteri, akamwachia ufunguo. Jumapili iliyofuata Papa wa Bukavu alikuja na mwenzake wa taksi, na safari hii ni yeye aliyekwenda kusikiliza nyuma. "Hii inaruka ovyo," akasema. Walikuwa wamenunua esansi ya chupa kwa kadafi wa barabarani usiku wa mvua. Tukaanza na tangi.