Resori Ngumu Siyo Resori Nzuri

Mtu akitaka kuijua motokari, asiangalie rangi yake wala asisikilize sauti ya injini yake. Na aende kusimama kando ya barabara mbovu, aitazame inavyopita shimoni. Injini huipeleka mbele, breki huisimamisha, lakini kinachoyashika magurudumu yake juu ya nchi ni resori pamoja na amortisere, ile ambayo wenzetu wa mashariki huiita shokapu. Hapa Kamina twajua jambo hilo vizuri. Mvua zikianza mwezi wa kumi, udongo mwekundu hulainika, malori huuchimba, na jua likirudi yale mashimo hukauka yakawa magumu kama matofali ya kuchomwa.

Mimi ni mwalimu wa dini, sina gereji. Lakini katika seminari ndogo tulifundishwa fizikia kwa bidii, tena baadaye nilifanya kazi miaka miwili katika karakana ya misioni pamoja na bruda mmoja mzee, mtu wa maneno machache, aliyeweza kufufua Land Rover kwa waya na subira. Kwa hiyo vijana hunijia na maswali yao, na hili la resori ndilo wanalouliza kuliko yote. Wengi wataka kushusha magari yao na kuyatia resori ngumu, wakidhani kwamba ngumu ndiyo yenye nguvu.

Swali hilo liliingia nyumbani kwetu mwaka jana. Mdogo wangu afanya kazi Kolwezi, naye alinunua Subaru Impreza ya mwaka 2004 iliyotoka Ubelgiji, gari la mwendo kweli. Amortisere zake zilikuwa zimekwisha. Wakati huohuo mama yetu, ambaye amepita miaka sabini, aliumwa mgongo sana, na daktari alitaka apelekwe Kolwezi kupigwa picha ya mifupa. Treni haina siku ya kutegemewa. Mdogo wangu alimpakia garini, wakaenda mwendo wa saa moja, kisha mama akaomba arudishwe. Akaniambia, “Mwanangu, gari lile lanihesabu mifupa. Siingii tena.”

Basi mdogo wangu akakata shauri kununua koilova, yaani resori iliyovikwa juu ya amortisere yenye meno ya skrubu mwilini mwake, hata fundi aweza kuipandisha au kuishusha kwa spana. Mafundi wenye kusema Kifaransa huiita kombine. Akaniletea karatasi ya muuzaji: mbele kilo 8 kwa milimeta, gari lishuke sentimeta nne. Akasema, “Yaya, hizi ndizo za mashindano.” Nikamwambia, “Tukae kwanza tufanye hesabu.”

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Robert Hooke, mtaalamu wa Uingereza, alieleza mwaka 1678 kwamba resori hunywea kadiri ya mzigo inaotwishwa. Resori ya kilo 8 kwa milimeta yataka kilo 8 ili inywee milimeta moja. Tuseme gurudumu moja lachukua kilo 300. Resori ya kilo 2 itanywea milimeta 150; ya kilo 4 itanywea 75; ya kilo 8 itanywea 37 na nusu tu. Katika Impreza ya namna ile amortisere imesimama karibu kabisa na gurudumu, kwa hiyo hesabu hii haipotei mbali na kweli.

Sasa angalieni neno ambalo vijana hulisahau. Huko kunywea ndiko akiba ya gurudumu ya kushuka shimoni. Gari likifika penye shimo, resori hujinyosha na kulisukuma gurudumu chini likaikanyage nchi. Resori iliyonywea milimeta 37 tu haina zaidi ya hizo za kutoa. Shimo likiwa na kina cha milimeta 80, gurudumu laning'inia hewani, kisha lapiga ukingo wa pili kama nyundo. Nyundo hiyo ndiyo iliyomrudisha mama nyumbani, na amortisere za gari zilikuwa zimekufa tu, hazijawa ngumu. Je, zile ngumu zingemfanyaje?

Jambo la pili ni mtikiso. Gari lenye resori ya kilo 2 chini ya kilo 300, likisukumwa, hupanda na kushuka mara 13 hivi katika sekunde 10. Lenye resori ya kilo 8 hufanya hivyo mara 26. Ugumu ukizidishwa mara nne, mtikiso huwa mara mbili. Kiuno cha kijana chaweza kuvumilia; cha mzee hakiwezi.

Mdogo wangu akanijibu kwamba magari ya mashindano yana resori ngumu. Nikamuuliza, mashindano ya wapi? Ya Ulaya kwenye lami laini, ni kweli. Lakini tuyatazame ya kwetu Afrika. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 alishinda Edgar Herrmann katika Datsun 240Z, na mwaka 1973 alishinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, katika Datsun 240Z vilevile. Hilo lilikuwa gari la michezo hasa, lenye viti viwili na pua ndefu, na magurudumu yake yote manne yalikuwa na resori iliyovikwa juu ya amortisere. Impreza nayo ilishinda huko: mwaka 1997 na Colin McRae, mwaka 2000 na Richard Burns. Mashindano hayo yalirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, karibu na Naivasha, penye vumbi jepesi linaloficha mawe. Magari ya Safari hayashushwi. Huinuliwa kuliko yale ya lami, na magurudumu yake hupewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Mdogo wangu alipoyasikia hayo alinyamaza, maana McRae ndiye picha yake ya ukutani.

Basi tukachagua. Mnunuzi na aulize maneno manne. Kwanza, resori ni kilo ngapi kwa milimeta, mbele na nyuma? Pili, amortisere ina mwendo wa milimeta ngapi kutoka kujinyosha hata kugonga kipira cha mwisho? Tatu, je, kimo hubadilishwa kwa kuikaza resori tu, au mguu wa chini nao wazunguka? Maana ukiinua gari kwa kuikaza resori, walila lile akiba la kushuka. Lakini mguu wa chini ukizunguka, gari lainuka na mwendo wabaki uleule. Nne, je, mafuta na sili zake zaweza kubadilishwa na fundi? Muuzaji asiyeweza kujibu mawili ya kwanza, mwachie mali yake.

Sisi tulipata jozi zilizokwisha kutumika, za barabara za udongo: resori za kilo 4, mwendo wa milimeta 150. Tazameni jinsi zinavyolingana: kilo 300 zazinywesha milimeta 75, zabaki 75 za kupanda na 75 za kushuka. Mtikiso wake ni mara 18 katika sekunde 10. Si kitanda, lakini si nyundo.

Kuzifunga ni kazi ya siku moja. Kuzipima kulitupasa Jumamosi tatu. Gari tulilisimamisha juu ya saruji iliyo sawa, tukaweka mfuko wa saruji wa kilo 50 pamoja na sanduku la vyombo kitini mwa dereva, na mfuko mwingine pale atakapoketi mama. Kisha tukapima kwa utepe kutoka katikati ya gurudumu hata ukingo wa bodi, pembe zote nne. Kila tulipogeuza spana tuliliendesha gari kidogo ndipo tukapima tena, kwa kuwa gari lililoshushwa kutoka kwenye jeki halikai kimo chake cha kweli mara moja. Vile vipira vinavyoshika mikono ya magurudumu tulivikaza gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukivikaza magurudumu yakining'inia, hubaki vimesokotwa, na huchanika upesi. Tuliangalia pia kwamba mipira ya breki haivutwi gurudumu likiwa chini kabisa. Kisha tukanyosha magurudumu, maana kimo kikibadilika nayo hubadilika mlalo na njia yake, yakatafuna mipira upande mmoja.

Likabaki jambo la amortisere yenyewe. Kazi yake si kubeba gari. Kazi yake ni kuituliza resori, kwa kuyapitisha mafuta katika matundu madogo, na nguvu ya mtikiso ikageuka joto. Zile zetu zina vitufe viwili: kimoja huamuru gurudumu linapopanda, kingine linaposhuka. Fundi akihesabu hatua, ahesabu tangu kitufe kilipofungwa kabisa, na aandike katika daftari. Tena abadilishe jambo moja tu kila mara, apite barabara ileile kwa mwendo uleule.

Tulianza na hatua 24 kutoka kufungwa, juu na chini, yaani laini sana. Gari likapita shimo, likaendelea kucheza mara tatu nne kama mtumbwi. Tukafunga cha kushuka hatua mbili mbili. Kwenye hatua ya 14 likapita shimo, likapanda mara moja, likatulia. Mdogo wangu akataka kuendelea hata hatua ya 6, nami nikamwacha aone. Kwenye yale mawimbi madogo ya udongo mgumu, gurudumu likashindwa kurudi upesi. Kila wimbi likaikuta resori ingali imenywea, na gari likazama kidogo kidogo hata likawa linagonga. Tukarudi 14. Cha kupanda tukakiacha 20. Hesabu hizi ni za gari letu na mzigo wetu. Usizichukue kuwa zako.

Jumamosi ya tatu tulimwomba mama apande, aende nasi kilometa kumi tu. Alikubali kwa shida, akakaa mbele na mto mgongoni. Tulipita mashimo yaleyale. Tuliporudi alisema, “Leo limesahau hesabu.” Wiki ile ile walikwenda Kolwezi, wakilala njiani usiku mmoja. Picha ilionyesha pingili mbili za uti zimeshuka. Dawa ipo, lakini yataka aonwe kila miezi mitatu, na hata sasa amekwisha kwenda mara tatu kwa gari lile lile. Pasipo safari hizo angekaa kitandani tu, nasi tusingejua sababu.

Sasa, wasomaji, msitoke hapa mkidhani kila mwenye gari anunue koilova. Mwenye gari la kazi na fedha kidogo na anunue amortisere mpya za kawaida zenye kulingana na resori zake. Atapata faida nyingi kwa gharama ndogo. Koilova zafaa mtu aliye tayari kuzitunza. Udongo wetu hula yale meno ya skrubu, kwa hiyo kila mwezi huyasugua kwa brashi, huyapaka grisi, na kuyavika kitambaa kinene. Katika barabara ndefu mbovu amortisere hupata joto, mafuta hupungua nguvu, na gari huanza kucheza. Hapo pumzika, iguse kwa tahadhari, iache ipoe. Na ukiona mafuta yanatoka kwenye fimbo yake, usiongeze hatua za kitufe ili kuficha ugonjwa. Ifungue.

Mdogo wangu bado apenda gari lililo chini. Rafiki zake wa Kolwezi humcheka, wasema Impreza yake imesimama kama mbuzi. Yeye huwaonyesha daftari. Ukurasa wa kwanza wasema: mama mbele, tangi limejaa, kupanda 20, kushuka 14.