Den Bosch, Mji wa Kinamasi

Ukisafiri kwa gari moshi kutoka Amsterdam kwenda kusini, ukiisha kuvuka mito mikubwa ya Uholanzi utafika mji uitwao 's-Hertogenbosch. Wenyeji hufupisha jina, husema Den Bosch. Kuta zake za kale zingali zasimama, na nje yake upande wa kusini kuna kinamasi chenye majani mabichi. Hapo zamani kinamasi hicho kilikuwa ngao ya mji. Adui angewezaje kuvuta mizinga yake matopeni?

Mwaka 1629 mji ulikuwa wa Wakatoliki, chini ya mfalme wa Hispania. Waholanzi walikuwa wakipigana naye tangu mwaka 1568. Mkuu wao, Frederik Hendrik, akaja na jeshi kubwa, na ndani yake mlikuwa na vikosi vya Waingereza.

Wasomaji watauliza, Waingereza walitafuta nini huko? Malkia Elizabeth aliwapeleka askari kuwasaidia Waholanzi mwaka 1585. Baadaye wengi walibaki, wakawa wanalipwa na Waholanzi wenyewe. Wengine walifuata dini yao ya Kiprotestanti, wengine walifuata mshahara, na vijana wa wakubwa walikwenda kujifunza vita. Mshahara ulikuwa wa hakika kuliko katika majeshi mengi, lakini mwezi wa askari ulihesabiwa siku 42!

Kazi yao kubwa mbele ya Den Bosch haikuwa bunduki bali sepeto. Mito miwili, Dommel na Aa, ilizibwa na kugeuzwa njia. Boma la udongo likauzunguka mji wote, na maji ya kinamasi yakatolewa kwa mitambo iliyozungushwa na farasi. Kisha mahandaki yakachimbwa hatua kwa hatua mpaka chini ya kuta.

Tarehe 14 Septemba mji ulisalimu amri. Askofu Ophovius na mapadre wakatoka. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane likapewa Waprotestanti, na Wakatoliki wakakatazwa kusali hadharani. Sanamu ya Mama Maria ikapelekwa Brussels. Wazee walioiona ikiondoka hawakuiona tena, wala wajukuu wao, maana ilirudi mwaka 1853.

Na Waingereza je? Kijana Thomas Fairfax, aliyekuwapo Den Bosch, alirudi kwao, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1642 akapigana na mfalme wake. Jacob Astley, naye askari wa zamani wa Uholanzi, alikuwa upande wa mfalme. Basi watu waliokula chungu kimoja ugenini walielekezeana silaha nyumbani.

Mwaka 1665 Uingereza na Uholanzi zilipigana. Waholanzi wakawataka maofisa Waingereza wale kiapo cha utii. Wengine walikula kiapo wakabaki. Wengine walikataa, wakapoteza kazi na kurudi kwao. Hao waliorudi ndio walioanzisha kikosi kilichoitwa baadaye Buffs, na kikosi hicho ndicho kilichopelekwa Kenya mwaka 1953 wakati wa vita vya Mau Mau.

Leo Kanisa Kuu ni la Wakatoliki tena, na sanamu ya Mama ipo mahali pake. Watu huwasha mishumaa mbele yake. Na pale nje, kinamasi kingalipo.