Mbao za Jahazi Sebuleni Mwetu

Msafiri anayeteremka gatini Lamu, mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, hupita vichochoro vyembamba vya watu na punda mpaka asikie sauti ya msumeno. Hapo mafundi huzipa uhai wa pili mbao za majahazi yaliyokwisha kazi. Ubao uliokula chumvi miaka mingi hugeuzwa fremu ya kioo, rafu au kiti. Matundu ya misumari na mabaki ya rangi huachwa makusudi, kwani ndiyo pambo lake.

Kisiwani humohumo, mwaka 2018, ilizinduliwa Flipflopi, mashua iliyoundwa kwa taka za plastiki na kuvishwa ndara zilizookotwa ufukweni.

Lakini pambo zuri laweza kubeba dhulma. Mnunuzi humbana fundi kwa hoja kuwa hizi ni mbao kuukuu tu, akasahau siku za kung'oa misumari, kusugua na kuunga. Dini yetu imekataza israfu. Basi kukitumia tena kilichotupwa ni jambo jema. Dini hiyohiyo imeamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kamili, bila ya kucheleweshwa. Tupambapo sebule zetu, na tujiulize: je, aliyekitengeneza kitu hiki ameridhika?