Kwenda na Jamaa Kutazama Wanyama Nairobi

Mke wangu aliponiambia, "Chui alitumalizia mbuzi, leo tulipe fedha kwenda kumtazama?" nilikosa jibu. Hata hivyo tuliweka akiba, tukaondoka alfajiri pamoja na watoto, tukichukua chakula na maji.

Makao ya Wanyama Yatima, yaliyofunguliwa mwaka 1964, yapo penye lango kuu la Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kando ya barabara ya Langata. Msomaji, kiingilio chake na cha mbuga ni mbali mbali. Fanya hesabu kabla ya safari.

Huko huletwa wanyama waliofiwa na mama zao au waliojeruhiwa. Mke wangu alimtazama chui kitambo, kisha akauliza, "Na mama yake huyu, nani aliyemwua?" Swali hilo latupasa sisi wafugaji kulijibu.